Mjane, deni na vyombo vya majirani



Upo mzigo unaotembea kimya kimya katika parokia zetu. Mwenye nao unamkuta Misa ya kwanza, amevaa vizuri, anaimba. Simu yake ikiita, moyo unamruka. Usiku halali. Tunasema ana msongo wa mawazo. Mara nyingi kinachomkosesha usingizi ni marejesho.

Mikopo tuliyoibatiza jina la "kausha damu" haichukui fedha tu. Aliyeshindwa kulipa hubebewa kochi na televisheni mbele ya watoto wake. Aliyekopa kwa simu, ujumbe hutumwa kwa bosi wake, kwa shemeji, kwa rafiki, kwamba fulani ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, ikazipiga marufuku. Ni hatua njema. Lakini tangazo haliondoi aibu kifuani mwa mtu, na aibu ndiyo inayomfanya akope huku ili alipe kule, mwenzi wake asijue.

Fungua Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4. Mjane anadaiwa, na mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Mjane huyu hakuficha. Alimlilia nabii Elisha. Naye Elisha hakumhoji kwa nini walikopa. Alimwuliza amfanyie nini, na ana nini nyumbani. Alikuwa na chupa ya mafuta tu. Akamtuma kwa majirani akaazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache, kisha ajifungie ndani na wanawe, amimine. Mafuta yalikoma vyombo vilipokwisha. Akauza, akalipa, na wakapata cha kuishi.

Deni lililipwa, ndugu msomaji. Lakini mama yule hakulibeba peke yake, na muujiza ulifanyika mlango ukiwa umefungwa, bila kumwaibisha mbele ya mtaa.

Hapa nasi viongozi wa Kanisa tujihoji. Tunaposoma hadharani majina ya wasiomaliza michango, tunamfundisha mwenye deni kwamba jumuiya nayo ni mdai mwingine. Atakuja kusali, lakini hatakuja kusema.

Basi wewe unayesoma haya huku umezima simu kwa hofu, wiki hii mwambie mtu mmoja: mwenzi wako, padre, katekista, au mwanajumuiya anayejua kutunza siri. Kaeni chini, andikeni madeni yote kwenye karatasi, hata lile dogo, kisha sali juu ya karatasi hiyo. Kristo anawaita waliolemewa waje na mizigo yao. Usije kwake mikono mitupu ukijifanya huna kitu. Na kama usingizi umekukimbia kwa majuma kadhaa, au mawazo ya kujitoa uhai yanakujia, nenda hospitali leo hii. Kumwona daktari si upungufu wa imani.

Na wewe usiyedaiwa, kumbuka kwamba Mungu aliyatumia mafuta ya mjane, lakini vyombo vilitoka kwa majirani. Akibisha hodi, usimwulize alikopa kwa nini. Mpe chombo.

Nawatakia Dominika njema.