Ghorofa 20, Njia Moja: Kwa Nini Jam ya Kilimani Haiishi

Kama umesaka keja Kilimani ama Kileleshwa juzi juzi, unajua maswali ya kawaida. Rent ni ngapi? Maji iko? Lifti inafanya? Kuna pakingi? Kuna moja watu husahau: ukitoka kwa hiyo geti, kuna njia ngapi za kufika barabara kubwa? Place mingi jibu ni moja, na ndio hiyo majirani wote wanatumia.

Wasee wengi husema shida ni ghorofa zimekuwa refu sana. Hiyo ni nusu ya stori. Tao kuna majengo marefu miaka na mikaka, lakini Kimathi Street ikifungwa, dere anakata kona anapitia Muindi Mbingu. Moi Avenue ikikwama, kuna Tom Mboya. Barabara za tao zinakatana kila baada ya hatua chache, so ukizibiwa hapa unatokea pale.

Upande wa magharibi mambo ni tofauti, na sababu ni za kitambo. Kirichwa Kubwa, Kirichwa Ndogo na Nairobi River zinateremka kuelekea tao, na barabara nyingi zilifuata migongo ya ardhi iliyo katikati ya hiyo mito. Madaraja ya kuvuka ni ya kuhesabu. Ndio maana Ring Road Kileleshwa, inayokata kutoka upande wa Yaya kwenda Westi, hubeba mzigo mkubwa hivyo. Ongeza kwamba enzi za mkoloni hizi zilikuwa ploti kubwa za wazungu, nyumba moja na bustani. Kabarabara kembamba kalitosha.

Sai piga hesabu ya mfano. Bomoa hiyo nyumba moja, weka ghorofa 20, kila floor keja 6. Hizo ni keja 120. Nusu wakiwa na gari, ni gari 60. Ploti tano za aina hiyo kwa barabara moja ni gari 300 zinangoja kuingia Argwings Kodhek asubuhi. Nyuma yao kuna mathree za 46 za Kawangware zimejaa watu hawajawahi hata kuulizia rent ya Kilimani. Hao pia wanalipa, kwa masaa yao.

Halafu kuna wenye hawapandi kitu. Nairobi, karibu safari 4 kati ya 10 ni za miguu. Fundi, mama wa kufua, soja na yule dada wa salon wanatoka Kawangware kwenda Lavington na Kilimani kila siku. Ploti ikizungushiwa ukuta mrefu, ama wakazi wakiweka geti kwa barabara ya umma, njia ya dakika 10 inakuwa nusu saa, kwa barabara haina hata pa kukanyaga. Na usiku moto ukiwaka, lori la zimamoto linapitia hapo hapo penye gari zimepaki pande zote mbili.

Si ati hakuna sheria. Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 2019 inasema huwezi kujenga bila ruhusa ya kaunti, na kaunti inaweza kutoa hiyo ruhusa ikiwa na masharti. Kanjo pia ilipitisha sera ya wanaotembea na wa baiskeli mwaka wa 2015, ikaahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwao. UN-Habitat, wenye wako hapo tu Gigiri, wanashauri mtaa uache angalau asilimia 30 ya ardhi iwe barabara.

Shida ni kila jengo linapitishwa peke yake, kana kwamba jirani haombi ruhusa pia. Wakazi wa Rhapta Road, Westi, walifika hadi Korti ya Mazingira na Ardhi wakipinga maghorofa. Naelewa hasira yao, lakini kusema "ghorofa zisijengwe" hakusaidii kijana anatafuta keja karibu na job. Jiji linahitaji nyumba. Chenye kinafaa kudaiwa ni njia.

Ploti inagusa barabara mbili? Developa aache kijia cha umma katikati, chenye taa. Barabara ni nyembamba? Ukuta urudi nyuma kabla msingi uchimbwe, kwa sababu jengo likishasimama hakuna mtu atalisongeza. Geti kwa barabara ya umma? Litolewe. Na kanjo ihesabu keja za barabara yote, si za ploti moja. Haya yote hayamzuii mtu kujenga. Yanapunguza tu kidogo ile ardhi ya kuuza, na ndio maana hakuna mwenye atajitolea bila kulazimishwa.

Wewe mwenye unasaka keja, kabla utume deposit, enda hapo siku ya kazi saa moja asubuhi. Tembea kutoka geti hadi steji, uone kama kuna njia ya pili. Ukiona bango la jengo jipya kwa ploti jirani, soma jina la mradi, na ukisikia kikao cha maoni kimeitwa, enda. Usiulize pakingi ni ngapi. Uliza njia ya kutoka iko wapi.