Kuingia si kufanya kazi: adapta za simu zinakula franka za wakimbizi wa ndani

Kwenye vibanda vya simu vya Birere, mjini Goma, na kule Kadutu, mjini Bukavu, kunauzwa kipande kidogo cha waya. Upande mmoja kinaingia kwenye tundu la kuchajia simu, upande wa pili kina tundu la kuchomekea ekuteri, zile nyaya za masikio. Ndiyo adapta. Mteja akiuliza kama inafaa simu yake, mara nyingi anajibiwa: «Inaingia simu zote.» Jibu hilo linapotosha, hata pale mchuuzi mwenyewe hajui. Kuingia si kufanya kazi.

Kuna watakaosema hili ni jambo la vijana wa muziki. Hapana. Familia iliyokimbia vita inalala chumba kimoja na familia iliyoipokea, au ndani ya darasa pamoja na watu wengine wengi. Ujumbe wa sauti wa baba aliyebaki kijijini, unaosema nani amepona na nani amejificha wapi, si wa kusikilizwa na kila sikio lililo karibu. Ekuteri ndiyo mlango pekee wa siri ambao familia hiyo imebaki nao. Mama anayetoa franka za unga kununua adapta isiyosema kitu ameibiwa mara mbili: makuta yake, na siri yake.

Ukweli ambao wachuuzi hawausemi ni huu: adapta za USB-C ziko za aina mbili, na kwa macho zinafanana. Aina ya kwanza ni waya mtupu. Inategemea simu yenyewe itoe sauti iliyo tayari kupitia tundu la kuchajia. Simu chache tu ndizo zinazofanya hivyo. Aina ya pili ina kifaa kidogo ndani kinachoitwa DAC, ambacho kinapokea sauti kwa namna ya tarakimu na kuigeuza kuwa sauti inayofika masikioni. Hii ndiyo inayokubali karibu simu zote zisizo na tundu la ekuteri. Samsung Galaxy S20 na zilizofuata katika safu hiyo zinahitaji yenye DAC. Ukizichomeka waya mtupu, simu inakataa, ama sauti inaendelea kutokea nje, watu wote wasikie.

Kwa iPhone kuna mtego mwingine. Tundu la ekuteri liliondolewa mwaka 2016 kwenye iPhone 7, na kuanzia hapo hadi iPhone 14 adapta yake ni ya Lightning. Kuanzia iPhone 15, ya mwaka 2023, ni USB-C. Adapta ya moja haiingii kwa nyingine.

Halafu kuna radio, na hapa ndipo hasara inakuwa kubwa zaidi. Simu ndogo zenye FM hutumia waya wa ekuteri kama antena. Ndiyo maana watu wa Kivu walizoea kuchomeka ekuteri na kusikiliza Radio Okapi au radio ya mtaa bila kulipa hata franka moja. Simu nyingi zisizo na tundu hazina FM kabisa, na adapta haiwezi kurudisha kitu ambacho simu haina. Mchuuzi anayeahidi radio kwa sababu ya adapta anauza upepo. Aliyepoteza FM anabaki na intaneti, na intaneti ni ya kununua. Matangazo ya kilobiti 64 kwa sekunde yanakula karibu mega 29 kwa saa. Saa mbili kila siku ni zaidi ya giga 1.7 kwa mwezi, kwa habari iliyokuwa ya bure hewani.

Wengine wanasema dawa ni ekuteri za Bluetooth, zisizo na waya. Waseme hivyo mahali penye umeme. Pale ambapo watu wanalipa kibandani ili kuchaji simu, ekuteri za Bluetooth ni mdomo wa pili wa kulisha. Na za bei ya chini zikifa batri, zimekufa.

Wachuuzi nao wana neno lao: wateja wanataka ya bei rahisi, na wao wananunua kwa jumla bila maelezo. Ni kweli, lakini haiwazuii kumwacha mteja ajaribu kabla ya kulipa. Jaribio ni la dakika tano. Mteja aende na simu yake na ekuteri zake mwenyewe. Achomeke, afungue ujumbe wa sauti, asikilize masikio yote mawili. Apige simu, amuulize wa upande wa pili kama anamsikia, kwa sababu kuna adapta zinazopitisha sauti lakini zinakata maikrofoni. Autikise waya kidogo: sauti ikikatika kibandani, nyumbani itakatika zaidi. Kama kwenye karatasi ya pakiti kumeandikwa DAC, ni dalili nzuri, lakini karatasi haisikiki masikioni. Mchuuzi anayekataa kujaribiwa amekwisha kujibu swali.

Na anayetafuta simu, kwa ajili ya familia inayotegemea habari za FM, aangalie tundu la ekuteri kabla ya kuangalia kamera. Simu nyingi za bei ya chini bado zinalo, pamoja na FM. Kama haja ni habari tu, radio ndogo ya mawe bado inashinda simu ya fahari.

Wanaouza wana haki ya kupata faida. Hawana haki ya kuipata juu ya kutojua kwa mtu aliyekwisha kupoteza nyumba. Waseme wazi: hii ni waya mtupu, hii ina DAC, jaribu kwanza.