Barnsley Iliokolewa na Kijana wa Siaya, Mtongwe Tukaona Mkeka Tu

Muulize msee yeyote pale maskani Mtongwe kama Barnsley iko upande gani wa Uingereza. Atakuangalia kama umemuuliza siri za kambi ya navy. Sasa muulize Barnsley imeshinda mechi ngapi kati ya tano za mwisho, kama inafunga ikicheza ugenini, kama ina ule ugonjwa wa sare. Atakujibu kabla kahawa yako haijapoa, na atakuongezea fomu ya Wigan bila malipo.

Hii si timu ya Premier League. Wengi wetu hatujaona hata dakika moja ya mechi yake, jezi yake hakuna anayevaa kuanzia Mtongwe hadi Shika Adabu, na ukimtaja kipa wake hakuna atakayejua unaongea nini. Tunaijua kwa sababu moja tu: iko kwenye jackpot.

Chini ya Premier League kuna madaraja matatu, Championship, League One na League Two, klabu 24 kila moja. Jumla timu 72. Kwa kampuni za beti hizo ni mali safi, maana mechi ni nyingi, zinachezwa hata Jumanne na Jumatano, na matokeo yake hayana adabu. Ukiweka Manchester City nyumbani, kila mtu anajua. Ukiweka Preston na Millwall, hata mganga anakuna kichwa. Ndiyo maana jackpot hujazwa timu kama hizo.

Lakini kuna msimu mmoja wa Championship ambao sisi Wakenya tulifaa kuufuata kwa sababu tofauti kabisa, na ukatupita hivi hivi. Msimu wa 2019/20.

Barnsley walikuwa wametoka kupanda kutoka League One. Mambo yakawa ngori mapema. Kocha Mjerumani aliyewapandisha, Daniel Stendel, akafutwa Oktoba 2019. Novemba akaja Gerhard Struber kutoka Austria. Korona ilipofunga ligi Machi 2020, Barnsley walikuwa mkiani kabisa na pointi 34, pengo la pointi saba kutoka sehemu salama. Mechi zilizobaki zilikuwa tisa. Kwa lugha ya mtaa, walishazikwa, ilibaki kusomewa hitma.

Ligi ikarudi Juni, viwanja vitupu. Barnsley wakaifunga QPR, wakatoka sare na Millwall, wakaichapa Blackburn, halafu wakapigwa nne na Stoke. Sare na Luton, sare na Wigan, wakafungwa moja na Leeds waliokuwa wanabeba kombe. Mechi ya kabla ya mwisho wakaifunga Nottingham Forest bao moja dakika za nyongeza kabisa. Kwa hiyo siku ya mwisho, Jumatano tarehe 22 Julai 2020, wakaenda kwa Brentford wakiwa bado kwenye shimo, wanahitaji kushinda na kuombea wengine wateleze.

Na Brentford hawakuwa mchezo. Walikuwa wanatafuta kupanda moja kwa moja Premier League, na ushindi ungewapandisha, maana West Brom usiku huo walitoka sare na QPR. Huku kwetu ilikuwa enzi ya curfew ya saa tatu, vibanda vya mpira vimefungwa, mtu anafuatia livescore kitandani akiwa na bando la mwisho. Nani Mtongwe angempa Barnsley? Wengi waliweka Brentford kama benka, ile mechi unayoijaza bila kufikiria.

Callum Styles akafungia Barnsley kipindi cha kwanza. Josh Dasilva akasawazisha cha pili. Dakika ya 91, kijana aliyetoka benchi akaingiza la pili. Jina lake Clarke Oduor. Mzaliwa wa Siaya, akapelekwa Uingereza akiwa mdogo, akalelewa kwenye akademi ya Leeds, akahamia Barnsley Agosti 2019. Lilikuwa bao lake la kwanza kwa klabu hiyo. Barnsley 2, Brentford 1.

Jedwali la mwisho liliumiza watu wengi. Barnsley walimaliza na pointi 49, nafasi ya 21, salama. Charlton walikuwa na 48, wakashuka. Wigan walikuwa wamekusanya 59, pointi za kukaa katikati ya jedwali wakipunga upepo, lakini klabu ilikuwa imewekwa chini ya wasimamizi wa madeni tarehe 1 Julai na ikakatwa pointi 12. Ikabaki na 47, ikashuka. Rufaa yao ilitupwa Agosti, ndipo Barnsley wakapumua kabisa. Mtu mmoja wa Siaya, mguso mmoja, na klabu nzima ya Yorkshire ikabaki daraja lake. Huku mtaani stori ilikuwa moja: nani amechana mkeka wangu?

Na mkiani kabisa, nafasi ya 24 na pointi 45, alikaa nani? Hull City.

Hapa ndipo mambo yanakuwa yetu. Hull ni timu ambayo kuanzia 2016 ilivaa jina la SportPesa kifuani. Kampuni ilianzia Nairobi, ikakua kwa soo na mbao za wasee wa Kayole, Kondele, Likoni na Mtongwe, halafu jina likavuka bahari likatua kwenye jezi ya timu ya mji wa bandari kule Uingereza. Kikosi cha nyota wa ligi yetu kilipelekwa Hull Februari 2017 kikafungwa 2-1. Mei 2018 Hull wakaja Kasarani kucheza na Gor Mahia, sare tasa, wakashinda kwa penalti 4-3. Tulipiga picha nyingi sana.

Lakini kati ya hizo mechi mbili kuna tarehe watu wameisahau. Januari 2018, baada ya serikali kupandisha kodi ya kampuni za beti hadi asilimia 35, SportPesa ilifuta udhamini wake wote wa michezo nchini. Ligi, klabu, mashirikisho, wote wakaambiwa kwaheri. Hull na Everton waliendelea kuvaa jina lile lile. Miezi kadhaa baadaye ilirudi kwa Gor na Leopards, ni kweli, na mwenye kampuni ana haki ya kupeleka hela anakotaka. Hata hivyo tazama mpangilio: kodi ya Nairobi inapanda, anayekatwa kwanza ni mchezaji wa Nairobi na Mombasa. Yule wa Hull hata hakujua kuna kelele.

Turudi kwenye msimu ule ule wa 2019/20, maana ligi yetu nayo ilikuwa inachezwa. Julai 2019 leseni za kampuni nyingi za beti hazikufanywa upya, na Septemba SportPesa na Betin wakatangaza kufunga biashara hapa. Ligi kuu yetu ikaanza msimu bila mdhamini. Oktoba Sony Sugar wakatupwa nje ya ligi kwa kushindwa kufika uwanjani mara tatu. Nauli ndiyo ilikosekana, si wachezaji. Korona ilipokuja, ligi ikakatizwa na Gor wakapewa ubingwa. Baadaye akaja mdhamini mwingine, kampuni ya beti tena, BetKing, na mkataba wa miaka mitano wa shilingi bilioni 1.2. Ulidumu mwaka mmoja.

Umeona mchoro? Soka yetu ilifungwa kamba moja tu, na kamba hiyo ilishikwa na beti. Ikilegea, timu inalala stendi ya basi.

Hull wenyewe wanatufundisha kitu hapa. Siku ya mwaka mpya 2020 walikuwa nafasi ya nane, wanaota kupanda. Siku ya mwisho ya usajili wa Januari wakauza wachezaji wao wawili hatari zaidi, Jarrod Bowen kwenda West Ham na Kamil Grosicki kwenda West Brom. Bowen peke yake alikuwa na mabao 16 ya ligi. Katika mechi 20 za mwisho wakashinda moja. Moja, wasee! Tarehe 14 Julai Wigan wakawapiga 8-0. Kushuka kwao hakukuwa bahati mbaya, ni hesabu iliyofanywa ofisini.

Halafu angalia kilichofuata. Kocha Grant McCann hakufukuzwa. Klabu ikaingia League One 2020/21 na ikatoka bingwa na pointi 89. Kule ukishuka daraja unaumia lakini unakula. Kuna mgao wa televisheni, kuna tiketi, kuna uwanja wako. Kwetu ukishuka kutoka ligi kuu hadi National Super League, wachezaji wazuri wanaondoka, mdhamini hapokei simu, na kurudi ni hadithi ya babu.

Sasa tuje kwenye hesabu ya mkeka, maana ndiyo inakula watu mtaani. Jackpot ya mechi 17 ina majibu matatu kila mechi: nyumbani, sare, ugenini. Zidisha tatu kwa tatu mara kumi na saba, unapata mikeka tofauti 129,140,163. Ile ya mechi 13 ina 1,594,323. Ndiyo, kujua fomu kunapunguza kidogo. Na ndiyo, 2017 kuna msee alishinda Sh221 milioni, na kila mtu anamkumbuka kwa sababu hiyo hiyo, alikuwa mmoja.

Multibet nayo ina sumu ya kimya kimya. Tuseme kampuni inajiwekea shilingi sita katika kila mia kwa mechi moja. Sita ni kitu gani? Lakini ukiunganisha mechi kumi, hiyo sita inaumana na sita nyingine mara kumi. Kwa wastani soo yako inarudi kama shilingi 54. Yaani kabla refa hajapuliza kipenga, karibu nusu ya hela ishakwenda. Hakuna fomu ya Barnsley itakayokurudishia hiyo.

Mwaka 2017 utafiti wa GeoPoll ulipata asilimia 76 ya vijana wa Kenya waliohojiwa wamewahi kubeti, namba ya juu kuliko nchi zote za Afrika walizopima. Sitawahubiria watu. Msee ambaye hana kazi ya mwezi, anapiga vibarua bandarini siku mbili anakaa tano, hawezi kuambiwa tu wacha. Anachonunua kwa ile mbao ni wikendi moja ya kuwa na matumaini. Ninachosema ni kwamba bei yake tuijue.

Na kuna bei nyingine ambayo haiko kwenye risiti. Simama ufuoni Mtongwe uangalie ng'ambo. Zile winchi za Kilindini ni za Mamlaka ya Bandari, na Mamlaka hiyo ndiyo yenye timu ya Bandari, nyumbani kwao Mbaraki. Kwa misimu mingi ndiyo imekuwa timu ya pekee ya Pwani kwenye ligi kuu. Ilimaliza ya pili 2018/19, ikachukua ngao ya FKF 2019 kwa kuifunga Kariobangi Sharks, ikacheza Afrika na kuwatoa Ben Guerdane wa Tunisia kabla ya kusimamishwa na Horoya wa Guinea. Hiyo yote mwaka mmoja, na kijana wa Mtongwe anayejua kila kitu kuhusu Luton anaweza asikutajie wachezaji watatu wa kikosi kile.

Haikuwa hivi daima. Feisal ya Mombasa ilikuwa bingwa wa Kenya 1965. Kulikuwa hata na Liverpool yetu, Liverpool ya Mombasa, iliyocheza ligi ya taifa ilipoanza miaka hiyo ya sitini. Wazee wa barazani bado wanabishana nani alikuwa fundi zaidi, na ubishi wao hauna odds.

Watu watasema kiwango cha ligi yetu ni kibovu, uwanja vumbi, Uwanja wa Manispaa ulibomolewa ili ujengwe upya na tukangoja hadi nywele zikaota mvi. Kweli tupu. Lakini Barnsley dhidi ya Brentford unaipenda kwa kiwango gani, ikiwa hujaiona? Kule tunalipia jina na namba. Hapa kuna watu halisi, wanacheza mbele ya macho yako, na wengine mlisoma darasa moja.

Oduor mwenyewe baadaye aliendelea na maisha ya mchezaji wa madaraja ya chini, leo klabu hii, kesho ile. Barnsley msimu uliofuata walimaliza nafasi ya tano na kuingia mtoano wa kupanda, wakatolewa na Swansea, kisha 2021/22 wakashuka wakiwa wa mwisho. Siaya alikozaliwa kuna watoto wengine wenye mguu kama wake ambao hakuna akademi ya Leeds iliyowapitia. Mtongwe pia wapo. Jioni utawakuta uwanjani, pekupeku, wamegawana jezi na vifua wazi, na pembeni kuna kaka zao wameinamia simu wakitafuta kama Preston leo wako nyumbani.