Aweza Kuwa Mbunge, Hawezi Kuwa Bawabu

Katiba ya Kenya haimfungii mlango wa Bunge kila mtu aliyewahi kufungwa. Kifungu cha 99 humzuia yule ambaye, siku ya kusajiliwa kuwa mgombea au siku ya uchaguzi, angali chini ya hukumu ya kifungo cha miezi sita au zaidi. Na hata huyo hazuiliwi mpaka nafasi zote za rufaa ziwe zimekwisha. Kwa kipimo hicho, aliyehukumiwa miaka mitatu kwa wizi, akaitumikia yote na kutoka, anaweza kuomba kura zetu. Lakini raia huyo huyo akiomba kazi ya ubawabu, ataagizwa alete cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, na aghalabu safari yake hukatikia hapo.

Tusipuuze hatua zilizokwisha kupigwa. Mwaka 2010 mahakama iliyoundwa kutatua mizozo ya katiba iliamua kwamba wafungwa wana haki ya kushiriki kura ya maamuzi ya tarehe 4 Agosti. Katiba iliyopitishwa siku hiyo, katika Kifungu cha 83, haimnyimi mtu kura kwa sababu ya hatia ya jinai isipokuwa kosa la uchaguzi alilohukumiwa ndani ya miaka mitano. Mwaka 2017 wafungwa walimpigia kura rais wakiwa magerezani. Kifungu cha 51 nacho husema mfungwa hubaki na haki zake zote, ila zile zisizoweza kwenda pamoja na kufungwa kwake.

Mfungwa wa Kenya, basi, ana ngao akiwa ndani. Jambo la aibu ni kwamba anapotoka, tunamrudishia kura na kumnyima riziki. Uraia wa namna hiyo ni uraia wa siku moja katika miaka mitano.

Hebu tuutazame utaratibu wenyewe. Mwombaji huchukuliwa alama za vidole, zikalinganishwa na kumbukumbu za polisi. Hakuna sheria ya jumla inayosema kwamba hatia ya mtu mzima hufutika baada ya muda fulani wa kuishi bila kosa. Aliyeiba akiwa na miaka 19 huulizwa wizi huo akiwa na miaka 45. Hakimu alitaja idadi ya miezi. Karani wa ajira ameigeuza kuwa maisha. Adhabu hii ya pili haikutamkwa na mahakama yoyote, haina rufaa, wala haina tarehe ya mwisho.

Watetezi wa hali hii hutuambia kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Mwajiri, wanasema, ana haki ya kujua anayemkabidhi mali au watoto. Hoja hiyo ina uzito, na haifai kudharauliwa. Shule iulize kuhusu dhuluma dhidi ya watoto. Benki iulize kuhusu ughushi. Lakini hatia ya kugombana kilabuni miaka kumi iliyopita inahusu nini na kazi ya kufagia hospitali? Tena anayedai kwamba anailinda jamii atueleze ni usalama gani unaopatikana kwa kumfungia mtu kila mlango wa halali, kisha kushangaa akirudi kwenye ule wa haramu.

Wengine wamekwisha kulitafakari jambo hili. Uingereza, iliyoturithisha mfumo wetu wa sheria za jinai, ilitunga sheria mwaka 1974 inayohesabu hatia nyingi kuwa zimekwisha baada ya muda uliowekwa. Afrika Kusini huruhusu kumbukumbu za makosa fulani kufutwa baada ya miaka kumi. Sisi tumeushika urithi wa kuadhibu, tukauacha wa kusamehe.

Kisingizio kwamba upo msamaha wa rais chini ya Kifungu cha 133 hakitoshi. Huruma huombwa, na mwombaji hungoja mlangoni. Haki haipaswi kuombwa.

Tunachodai ni sheria yenye mambo matatu. Kwanza, muda maalumu ambao baada yake hatia haionyeshwi tena katika cheti, nao ulingane na uzito wa kosa. Pili, mwajiri aonyeshwe tu hatia inayohusiana na kazi yenyewe. Tatu, ufutaji ujitokee wenyewe muda unapotimia, bila ombi, bila ada, bila kumjua mtu ofisini.

Kwa watumishi wa umma wanaoandika matangazo ya kazi, hamhitaji kulisubiri Bunge ili mjiulize kama kila nafasi inastahili kudai cheti hicho. Na kwa Bunge lenyewe: katiba iliyowapa waheshimiwa nafasi ya kuanza upya haikukusudia kwamba nafasi hiyo iwe yao peke yao.