Gia ni gia, acheni kutuchanganya

Haya jamani, leo nina hasira kidogo. Mwezi jana nilikuwa naandika programu ndogo ya kuagiza vipuri kwa ajili ya gereji moja, menyu zote kwa Kiswahili. Msahihishaji mmoja akaipitia, akafuta neno "gia" na kuweka "gurudumu-meno". Eti gia ni Kiingereza! Fundi alipoifungua akaniuliza, "Kijana, hiki ni kipuri gani?" Alikuwa anatafuta gia ya tatu. Sasa gurudumu-meno la tatu ndilo lipi?

Tuanze na asili. Hata Mwingereza aliazima. "Gear" yake ilitoka kwa watu wa Skandinavia, ambao kwao "gervi" ilikuwa vifaa au mavazi. Mpaka leo nguo za michezo kwake ni "gear". Maana ya magurudumu yenye meno ilikuja baadaye, karne ya 16. Na kifaa chenyewe hakikumngoja: mashine ya Antikythera, iliyoopolewa baharini huko Ugiriki mwaka 1901, ina umri wa zaidi ya miaka 2,000 na gia 30 zilizosalia.

Sisi tulipolichukua neno tulilifanya letu. Gia ni gurudumu lenye meno: la meno 20 likizungusha la meno 40, la pili huenda nusu ya mwendo, lakini nguvu ya kuzungusha huongezeka karibu mara mbili. Gia pia ni hatua ya mwendo: dereva hutia gia ya kwanza akipanda mlima. Na Watanzania husema mtu "amebadili gia angani" akigeuza msimamo ghafla. "Gurudumu-meno" inabeba maana ngapi kati ya hizo? Moja tu.

Halafu niulize: "gari" si lilitoka India? "Meza" si ya Wareno? Mbona hamjazifuta? Neno huwa la Kiswahili watu wanapolitumia, siyo kamati inapolipigia muhuri.

Sipingi maneno mapya. Pasipo neno, tungeni. Lakini mkimwondolea fundi neno lake, hatajifunza lenu. Atabadilisha programu irudi kwa Kiingereza, kisha mseme Kiswahili hakifai kwa teknolojia. Huyo fundi wangu alifanya hivyo hivyo, mbele ya macho yangu.

Nimerudisha "gia". Anayetaka kuifuta tena aende kwanza gereji, aagize gurudumu-meno.