Songwe: Uwanja wenye njia ndefu unaosaka mzigo wa kubeba

KWA mkazi wa Mbeya, safari ya Dar es Salaam ilikuwa ni kuamka alfajiri, kupanda basi, kuteremka Mlima Kitonga huku moyo ukidunda, kukatiza mbuga ya Mikumi na kuwasili jijini usiku umeshaingia. Ni zaidi ya kilomita 800 za barabara inayotumiwa pia na malori ya mizigo ya Zambia, Malawi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Hali hiyo ilianza kubadilika Desemba 2012, ndege za abiria zilipoanza kutua katika uwanja mpya wa Songwe, takriban kilomita 22 magharibi mwa jiji la Mbeya. Safari ya siku nzima ikawa ya muda usiozidi saa mbili.

Tangu siku hiyo Songwe umekuwa ukitajwa majukwaani kuwa ni lango la anga la Nyanda za Juu Kusini. Jina lake rasmi lina neno "kimataifa". Hata hivyo, safari zake za ratiba zimekuwa kwa sehemu kubwa ni za kwenda na kurudi Dar es Salaam. Swali wanalopaswa kujiuliza wananchi na viongozi wa mikoa ya kusini ni moja: je, uwanja huo ni lango kweli, au ni kituo cha kuwashusha abiria wanaotoka Dar es Salaam?

Kujibu swali hilo ni vema kurudi nyuma, kwani Mbeya haikuanza kuona ndege mwaka 2012.

Mbeya katika ramani ya dunia

Mji wa Mbeya ulianzishwa mwaka 1927, wakati dhahabu ya Lupa ikivuta watu kutoka kila upande. Miaka mitano tu baadaye, mwaka 1932, shirika la Uingereza la Imperial Airways lilipokamilisha njia yake ya kutoka London hadi Cape Town, Mbeya ilikuwa miongoni mwa vituo. Ndege zilitoka Nairobi zikapita Moshi na Dodoma, zikatua Mbeya, kisha zikaendelea Mpika na Broken Hill, mji ambao leo unaitwa Kabwe, nchini Zambia.

Mji huo mdogo haukupewa heshima hiyo kwa ukubwa wa biashara yake. Ndege za wakati huo zilibeba abiria wasiozidi kumi na hazikuweza kwenda mbali bila kuongeza mafuta. Mbeya ilikuwa mahali pa kupumzikia njiani.

Mwaka 1937 shirika hilo lilihamishia safari zake za kusini mwa Afrika katika ndege zinazotua majini, ambazo zilifuata pwani kupitia Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Mbeya ikaachwa kando. Baada ya hapo ndege zilizidi kuboreshwa, zikawa na uwezo wa kuruka kutoka Nairobi hadi Johannesburg bila kugusa ardhi, na haja ya kituo cha katikati ikafa kabisa.

Hapo ndipo lilipo fundisho la kwanza kwa wanaopanga mustakabali wa Songwe. Jiografia pekee haitoshi. Ndege hutua mahali kwa sababu kuna watu au mizigo inayolipa gharama za kutua, na sababu hiyo ikiondoka, ndege nayo huondoka.

Uwanja wa zamani na kikomo chake

Kwa miongo kadhaa mji uliendelea kuhudumiwa na uwanja wake wa zamani, ulioko ndani ya eneo la mji. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilianzisha shirika lake mwaka huo huo. Lakini wakati nchi ikijenga reli ya TAZARA ya kilomita 1,860 kati ya 1970 na 1975, na kuweka lami barabara kuu ya Zambia, usafiri wa anga wa Mbeya ulibaki kuwa wa ndege ndogo.

Sababu za kitaalamu zilikuwa wazi. Mbeya iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya mahali palipoinuka ni nyepesi. Injini hupungukiwa nguvu na mabawa hayapati msaada wa kutosha kutoka hewani, hivyo ndege huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuruka. Njia ya uwanja wa zamani ilikuwa fupi, nyumba za watu zilikuwa zimeusogelea, na Mlima Loleza pamoja na Kilele cha Mbeya, chenye mita zaidi ya 2,800, havikumwachia rubani nafasi kubwa ya kukosea.

Serikali ikaamua kuhamia Songwe, chini ya bonde, jirani na kiwanda cha saruji. Hapo mwinuko ni takriban mita 1,345 na ardhi tambarare inatosha. Ujenzi ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulichukua takriban muongo mmoja hadi ndege ya kwanza ya abiria kutua. Katika kipindi hicho wakazi wa Mbeya walizoea kusikia ahadi ya kukamilika kwa uwanja karibu kila mwaka wa bajeti.

Kilichopatikana si haba. Njia ya kurukia ya Songwe ina urefu wa mita 3,330. Hiyo inazidi njia kuu ya Uwanja wa Julius Nyerere jijini Dar es Salaam, yenye mita 3,000, na inakaribia ile ya Kilimanjaro, yenye mita 3,600.

Nauli nafuu ilipokuja na kuondoka

Mwaka 2013 kampuni ya Fastjet ilianza kupeleka Songwe ndege za jeti aina ya Airbus A319. Kampuni hiyo ilikuwa imeingia nchini Novemba 2012 ikitangaza nauli za kuanzia shilingi 32,000 kabla ya kodi. Kwa mara ya kwanza, mwalimu, mfanyabiashara wa mchele wa Kyela na mwanafunzi wa chuo walijikuta wakipanda ndege moja na mkurugenzi.

Kipindi hicho kilithibitisha jambo lililokuwa likibishaniwa, kwamba abiria wa kusini wapo ila walizuiwa na bei. Fastjet iliposimamisha huduma zake nchini Desemba 2018, ilibainika pia jinsi soko linavyokuwa dhaifu linapotegemea kampuni chache. Kwa bahati nzuri, Shirika la Ndege Tanzania lilikuwa limekwisha kufufuliwa kwa ndege mbili aina ya Q400 zilizowasili Septemba 2016, na likaendelea kuhudumia Mbeya sambamba na Precision Air. Lakini ushindani ukipungua, anayeumia kwanza ni abiria wa kipato cha kati, ambaye hurudi kwenye basi.

Ukungu na taa

Tatizo lililoisumbua zaidi Songwe baada ya kufunguliwa lilikuwa hali ya hewa. Bonde hilo hupata ukungu na mawingu mazito, na kwa miaka kadhaa uwanja ulitumika mchana tu kwa kukosa taa za kuongozea ndege. Kanuni ya urubani haina mjadala: rubani akifika kimo kilichowekwa bila kuiona njia ya kutua, lazima apandishe ndege na kuondoka. Mara kadhaa abiria walifika juu ya Mbeya, wakazunguka angani, kisha wakajikuta wamerudi Dar es Salaam walikotoka.

Safari moja ya namna hiyo ina gharama zake. Kampuni hupoteza mafuta na nafasi ya ndege. Mfanyabiashara hukosa mkutano. Mgonjwa aliyepewa rufaa kutoka Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya kwenda Muhimbili, akisubiri ndege ambayo haikuweza kutua, hupoteza siku ambayo pengine hana.

Serikali ilianzisha baadaye mradi wa jengo jipya la abiria na usimikaji wa taa. Wapo waliouliza kwa nini vifaa hivyo havikuwa sehemu ya uwanja tangu mwanzo, na swali lao ni la haki. Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air ilianguka katika Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, na watu 19 kati ya 43 waliokuwamo walipoteza maisha. Ajali hiyo ilikumbusha taifa zima kuwa uwanja si lami peke yake. Taa, mitambo ya hali ya hewa na kikosi cha uokoaji ni sehemu ya uwanja kama ilivyo njia yenyewe.

Parachichi halipandi ndege

Katika hotuba nyingi, Songwe huhusishwa na kilimo. Husemwa kuwa parachichi za Rungwe na Njombe zitasafirishwa moja kwa moja kwenda Ulaya na Asia. Hoja hiyo inahitaji kuchambuliwa kwa utulivu.

Parachichi ni tunda zito linalovumilia wiki kadhaa likiwa kwenye ubaridi unaofaa. Kwa sababu hiyo biashara yake kubwa duniani hupita baharini, kwenye makontena ya ubaridi, ambako gharama kwa kilo ni ndogo mno ikilinganishwa na ndege. Mkulima wa Rungwe atanufaika zaidi na barabara nzuri za vijijini, vituo vya ubaridi karibu na shamba, na bandari isiyochelewesha kontena, kuliko ahadi ya ndege.

Mazao yanayofaa kwa ndege ni yale mepesi, yenye thamani kubwa na yanayoharibika kwa siku chache: maua, njegere na maharage machanga, matunda laini kama stroberi. Baridi ya Mbeya, Njombe na Iringa inayafaa. Lakini hata maua na mboga za Arusha na Kilimanjaro, kulikostawi kilimo hicho kwa miaka mingi, kwa muda mrefu zimesafirishwa kwa barabara hadi Nairobi ili kupata ndege. Mnunuzi hupeleka ndege mahali ambako ana uhakika wa mzigo kila wiki, na mkulima hapandi maua mahali ambako hana uhakika wa ndege. Kila mmoja anamsubiri mwenzake.

Juni 2023 Tanzania ilipokea ndege yake ya mizigo aina ya Boeing 767 yenye uwezo wa kubeba tani 54. Kujaza ndege ya aina hiyo mara moja kwa wiki kunahitaji wakulima waliojipanga pamoja, vyumba vya ubaridi uwanjani na wakaguzi wa mimea na forodha walioko hapo hapo. Hivyo ndivyo vitu vya kuhoji kila uwanja unapotajwa kuwa wa kimataifa.

Iringa si mshindani

Upande wa Iringa, Uwanja wa Nduli nao umefanyiwa upanuzi mkubwa ndani ya mradi wa uchukuzi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulioidhinishwa mwaka 2022, ambao unagusa pia viwanja vya Tanga na Ziwa Manyara. Katika mpango huo huo imo barabara ya Iringa hadi Msembe, lango la Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Wapo wanaohofia kuwa Nduli utanyang'anya abiria wa Songwe. Hofu hiyo haina msingi mkubwa. Nduli unalenga utalii, na shida yake ni tofauti: kwa miaka mingi mtalii wa Ruaha alipanda ndege ndogo na kutua ndani ya hifadhi, akaondoka bila kuacha hata senti katika hoteli au soko la mjini Iringa. Mambo hayakurahisishwa na hatua ya Benki ya Dunia ya kusitisha Aprili 2024, na kisha kufuta Novemba mwaka huo, mradi wa kukuza utalii wa kusini wa dola milioni 150, kufuatia malalamiko ya wananchi wanaoishi kandokando ya Ruaha. Iringa imepata uwanja bora, lakini bado inapaswa kumpa mgeni sababu ya kulala mjini.

Songwe una kazi nyingine. Kwa mujibu wa Sensa ya 2022, mikoa ya Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe ina watu zaidi ya milioni 5.7. Mpaka wa Tunduma uko kilomita zipatazo 100 tu kutoka Mbeya mjini, na ng'ambo yake kuna kaskazini ya Zambia na migodi ya shaba ya Kongo. Safari za kuunganisha Mbeya na Lusaka, Lilongwe au Lubumbashi bila kupitia Dar es Salaam ndizo zingelipa jina la "kimataifa" maana yake halisi.

Hatua za karibu nazo zisipuuzwe. Msafiri anayetoka Uyole hukwama katika foleni ya malori kabla hajafika Mbalizi, na huweza kutumia barabarani muda unaolingana na ule atakaoutumia angani. Ujenzi wa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, kilomita 29, ni sehemu ya uwanja huo hata kama hauko ndani ya uzio wake.

Mwaka 1937 hakuna aliyewauliza watu wa Mbeya ndege zilipohamia pwani. Safari hii uwanja ni wao, umejengwa kwa fedha za walipa kodi, na wana haki ya kuuliza kila mwaka ni tani ngapi zimepakiwa na ni miji mingapi imeunganishwa. Mita 3,330 za lami zimekwisha kulipiwa. Deni lililobaki ni la kuzifanyia kazi.