Bomba Refu Si Zana: Tununue Sanduku Moja la Wote

 Leo hatuandiki juu ya karatasi wala juu ya safari za ng'ambo. Tunaandika juu ya nati moja ya milimita 14 iliyotugharimu siku tisa, pesa, na nusu ya heshima yetu.

Wengi mlisikia habari. Kuna Papa mmoja jirani yetu mwenye Toyota Noah ya zamani. Anabeba watu na mizigo kwenda Mbarara na kurudi. Gari hilo ndilo ugali wa nyumba yake, ndilo karo ya watoto. Gasketi ya manifoldi ya ekzosi ilikuwa imeungua, moshi unavuja, injini inanguruma kama trekta. Akatuita: "Nyinyi si mlisomea ufundi? Njoeni mnitengenezee hapa hapa nyumbani." Tukaenda mbio, na kile kisanduku cha zana tulichopewa siku ya kumaliza mafunzo.

Nati ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu ikagoma. Spana yetu ilikuwa inachezacheza kidogo juu yake, lakini nani alijali? Mmoja wetu akaleta kipande cha bomba la maji, tukakivisha kwenye mkono wa spana ili tupate nguvu. Nati ikaliwa pembe zote, ikawa mviringo kama shanga. Tukaibana na plaizi ya kujifunga, tukavisha bomba tena, watu wawili, vuta! Tukasikia "tak". Stadi, ile boliti isiyo na kichwa ambayo nati hukaa juu yake, imekatikia ndani ya hedi.

Papa hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Sasa hawa watoto wiki hii watakula nini?"

Hatukuwa na jibu. Hedi ikafunguliwa, ikapelekwa Mbarara kwa fundi mwenye mashine. Yeye alitoboa na kutoa kile kipande bila hata kutoka jasho. Kisha gasketi mpya ya hedi, oili mpya, maji mapya ya rejeta. Siku tisa gari limekaa juu ya mawe, na gharama tulibeba sisi.

Usiku ule tulikaa chini ya taa tukaitazama ile spana. Imeandikwa 9/16. Hiyo ni inchi, jamani. Ukiigeuza kuwa milimita unapata 14.29. Nati yetu ni 14. Tofauti hiyo ni ndogo, kama unene wa karatasi tatu za daftari, lakini inatosha kabisa kula pembe za nati iliyoshikwa na kutu. Tukapekua kisanduku kizima: nusu ya spana zake ni za inchi. Ile ya nusu inchi ni milimita 12.7, ukiiweka kwenye boliti ya 12 inachezacheza kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto. Na magari karibu yote tunayotengeneza hapa ni ya Kijapani. Boliti zake ni 8, 10, 12, 14, 17, 19. Kila siku ni namba hizo hizo.

Maoni yetu ni haya, na tunayasema wazi kwa sababu Jumamosi kikundi kinakaa kuamua pesa ya akiba itumike vipi. Tusigawane pesa hiyo ili kila mtu ajinunulie kisanduku cha bei rahisi. Tununue sanduku moja la wote, lenye zana chache lakini za kweli.

Tuanze na hili la nguvu, maana hapo ndipo tunapodanganyana. Kijijini fundi anasifiwa kwa misuli. "Yule ana mkono, hakuna nati inayomshinda." Sasa tupige hesabu. Kijana wa kilo 70 akining'inia kwenye ncha ya bomba la mita 1, anaipa boliti mkazo wa karibu nyutoni-mita 700. Nati za magurudumu ya gari dogo la Toyota zinafungwa kwa 103 tu. Na ile stadi ya manifoldi ni nyembamba kuliko kidole chako cha mwisho. Ilikuwa lazima ikatike. Kwa hiyo tuseme ukweli: siku ile tuliivunja sisi wenyewe, kutu ilitusaidia tu.

Boliti iliyogoma inataka vitu vingine, na vingi si vya ghali. Kwanza brashi ya waya, usafishe nyuzi zinazoonekana, kwa sababu nati haiwezi kupita juu ya uchafu. Pili, mafuta ya kupenya, na yawekwe jioni, kazi ifanyike asubuhi. Kama dukani hayapo, mafundi wengi wanachanganya oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Lakini mchanganyiko huo unashika moto haraka, usiusogeze karibu na sigara wala mkaa. Tatu, kabla ya kufungua, jaribu kwanza kuikaza kidogo sana, halafu rudisha. Ukisikia imesogea hata unywele mmoja, umeshinda: rudi mbele, rudi nyuma, ongeza mafuta, pole pole.

Halafu soketi. Hapa wengi wetu tulikuwa hatujui. Soketi ya pembe sita inashika boliti kwenye mbavu zake. Ile ya pembe kumi na mbili inashika karibu na kona, na ndiyo inakula kona hizo kama boliti imechoka. Kwa nati yenye kutu, tumia ya pembe sita, fupi, yenye ukuta mnene. Lakini msiitupe ile nyingine! Boliti za hedi za injini nyingi za Toyota zina pembe kumi na mbili, na hizo hazifunguki bila mwenzake. Kwa hiyo zana sahihi haina maana ya zana ghali. Maana yake ni zana inayolingana na kile kilicho mbele yako.

Moto pia unasaidia, kwa mwenye kuujua. Hedi nyingi siku hizi ni za aluminiamu, na aluminiamu ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Ukipasha joto pembeni ya stadi, tundu linafunguka kidogo. Ila aluminiamu haikuonyi kwa kuwa nyekundu kama chuma. Unaweza kuiona iko sawa na kumbe inakaribia kuyeyuka. Na hakuna moto karibu na bomba la petroli wala penye yale mafuta ya kupenya ambayo hayajafutwa. Kama huna uhakika, acha. Kuacha nako ni ufundi.

Sasa turudi kwenye pesa. Tukigawana, kila mmoja atanunua kile kisanduku cha plastiki kinachong'aa, chenye vipande vingi na chuma laini. Mwezi mmoja, racheti imekufa meno. Sanduku la wote lingekuwa na nini? Soketi za pembe sita za milimita kuanzia 8 hadi 19, na ile ya 10 ziwe tatu, maana sote tunajua 10 inapotelea wapi: hakuna anayejua. Mkono mrefu wa kuvunjia nati usio na racheti. Spana ya toki, ile inayopima mkazo, ili tukifunga hedi tufunge kwa namba ya kitabu, kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, si kwa kukisia. Vichwa vya kutolea boliti zilizokatika, pamoja na kekee zake. Kipima kompresheni, ili tujue kama silinda imechoka kabla hatujafungua injini ya mtu bure. Na stendi nne za kuegemezea gari. Hizi stendi tunaziomba kabla ya zote. Jeki ni ya kuinua tu. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki na mawe. Tumelala chini ya magari ya namna hiyo, na tumetoka wazima kwa rehema ya Mungu tu.

Tunajua maneno yatakayotoka Jumamosi. Kuna wenzetu watasema: "Kitu cha wote hakina mwenyewe. Kitapotea, kitauzwa, na wakubwa wa kikundi watakifanya chao." Hawasemi uongo. Tumeona vitu vya wote vilivyoisha hivyo hivyo. Lakini dawa ipo, na haihitaji mradi. Ubao ukutani, kila zana ichorwe umbo lake kwa rangi, ili pengo lionekane kutoka mlangoni. Daftari moja: nani amechukua, lini, kwa gari la nani. Anayechukua anaacha kitu cha thamani. Anayepoteza analipa kabla ya kuchukua tena, hata kama ni mwenyekiti. Funguo zikae kwa mtu mmoja mwezi mmoja, kisha zihame, na zisihame kati ya wavulana peke yao. Dada zetu wawili kwenye kundi hili wanafungua karbureta safi kuliko wengi wetu. Wao pia washike funguo.

Kila anayepata kazi akatoe kiasi kidogo kwa sanduku. Kidole kimoja hakivunji chawa. Peke yako utanunua spana ya toki lini? Na utaitumia mara ngapi kwa mwezi? Vijana ishirini wakiwa na moja, haitalala.

Kuna faida nyingine ambayo hatukuitegemea. Uwanjani kwetu waliokulia Kongo wanasema kle na turnevisi, waliopitia Kenya au Tanzania wanasema spana na bisibisi, na kila mmoja anamcheka mwenzake. Lakini ukilala chini ya gari ukanyoosha mkono ukasema "kumi na mbili", kila mtu anaelewa. Sanduku moja litatulazimisha kujuana, na kufundishana. Aliyefungua boliti ngumu leo atamwonyesha aliyeivunja jana.

Kwa wale wanaotusaidia tuna neno moja, na tunalisema kwa adabu. Asanteni kwa mafunzo. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa nafasi ya kufanya kazi, na nyinyi mlitusaidia kujua kazi. Lakini kabla ya kununua zana, tuulizeni namba. Swali moja tu: "Mnatengeneza magari gani, na boliti zake ni za ngapi?" Jibu lingeenea kwenye ujumbe mfupi wa simu, na Papa yule asingepoteza siku tisa. Cheti kinapigwa picha na kuwekwa ukutani. Nati haijui kusoma cheti.

Lakini tusiwasukumie wao lawama yote. Spana ilikuwa na maandishi, na sisi tuna macho. Hatukusoma. Tulikuwa na haraka ya kuonekana mafundi. Kosa hilo ni letu, na tunaliandika hapa ili wadogo zetu wanaoanza mafunzo mwaka huu wasilirudie: kabla ya kuvuta, soma namba. Ikichezacheza, toa, tafuta nyingine. Kama hakuna nyingine, mwambie mwenye gari ukweli, na ufunge boneti.

Wiki iliyopita Papa yule alituita tena. Safari hii ni plagi, anataka zibadilishwe. Tulitamani kukimbia siku hiyo hiyo, ili kusafisha jina. Tukaangalia kisanduku: soketi ya plagi iliyomo ni ya 21, yake zinataka 16. Tukamwambia, "Papa, tusubiri kidogo, tunaazima soketi." Alitutazama kwa muda, halafu akaingia ndani akatuletea chai.

Soketi hiyo ya 16 iwe ya kwanza kwenye orodha Jumamosi, pamoja na stendi. Njooni wote, na mje na daftari.